Nilivyopanda Paa kwa Sababu ya Lifti

Gereji yangu iko nyumbani, kando ya barabara ya vumbi inayotoka Nyacheki kwenda Ogembo, na ni nyembamba kiasi kwamba ukiingiza gari unatoka kwa ubavu. Marehemu mume wangu aliijenga ya kulaza gari lake tu, hakuwaza kazi. Alipofariki gari likauzwa, nikabaki na chumba, spana, na ufundi niliosomea Nyamira kabla hajanioa. Nikafungua milango. Walionicheka wakati ule leo huniletea pikapu zao za majani chai na kungoja zamu kwa adabu.

Kwa miaka mingi nililala chini ya magari. Jeki, stendi, kipande cha kartoni, na baridi ya sakafu ikipanda mgongoni. Mwishowe mgongo ukakataa. Daktari wa Ogembo alinikataza kulala sakafuni tena, akaongeza kwa upole kwamba labda nitafute kazi ya kukaa kwenye kiti. Nilimjibu kwamba sakafu nitaiacha, kazi siachi. Kuanzia siku ile nilijua kwamba nikipata lifti ya kuinulia magari nitaendelea kuwa makanika, na nikiikosa nitafunga gereji.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alitaka nifunge, wala hakuficha. Yeye hununua ndizi za watu na kuzipakia lori, na alikuwa ameshaona jinsi chumba kile kingemfaa kwa stoo. Aliposikia naleta lifti alicheka, akauliza kama sasa nitakuwa nabeba abiria hadi Keroka. Kwetu lifti ni ile unayopewa barabarani na mtu mwenye gari. Nilimwacha acheke.

Lifti ilifika kutoka Nyamira juu ya lori dogo, kuukuu lakini nzima: nguzo mbili za chuma, mikono yake ya kubebea gari, pampu na mota. Sakafu nilikuwa nimeshaimwagia zege nene mapema ili ikauke vizuri. Upana nilikuwa nimeupima nikaupima tena. Nguzo zingekaa kando kabisa ya kuta, mlango wa gari ungefunguka nusu, na nusu inanitosha. Kilichokataa ni urefu, kwa sababu nguzo zilipita paa. Ikabidi paa lifumuliwe, liinuliwe juu ya vinguzo vifupi vya mbao, kisha mabati yarudishwe.

Nilimwita fundi wa mbao, mtu wa kando ya ziwa anayefanyia kazi zake Ogembo. Asubuhi alitoa mabati yote, akainua mbao, na kupitia pale palipokuwa wazi vijana wa boda boda wakanisaidia kusimamisha nguzo. Bolti nilikaza mwenyewe. Mota na sanduku la swichi nikavifunga mahali pake. Kufikia saa sita yalibaki mabati tu kupigiliwa.

Ndipo shemeji akaingia. Mimi hakunisemesha. Alimsemesha fundi, tena kwa Kiswahili ili aelewe vizuri.

"Fundi, wewe unajua hii boma ni ya mjane?"

Fundi akashusha nyundo. Kwetu, na hata kwao, mwanamume wa nje akipigilia paa la mjane, watu husema amejitangaza kuwa mwenye nyumba.

"Mama, hii maneno hakuna mtu aliniambia," alisema akikusanya vyombo vyake. "Hata kwetu iko. Na mimi niko na bibi nyumbani. Wacha huyu mzee apande, utaniita kwa kazi ingine."

Akaenda, akaniachia ngazi. Vijana wa boda boda nao, kila mmoja akakumbuka ana abiria anayemngoja. Nikamwomba shemeji apande yeye. Akasema magoti yanamsumbua. Ona basi ujanja wa mtu huyu. Fundi haruhusiwi kwa kuwa ni mgeni, mimi siruhusiwi kwa kuwa ni mwanamke, anayeruhusiwa ni yeye peke yake, na magoti yake, ambayo kila siku ya soko hupanda lori la ndizi, leo yanauma.

Mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi upande wa milimani. Mvua yetu ya alasiri haikawii. Mota niliifunika kwa karatasi ya nailoni, lakini upepo wa kwanza ungeing'oa. Mota ikilowa sina lifti, na nikikosa lifti ndizi zinaingia. Nilikasirika mpaka mikono ikatulia. Nikavaa ovaroli, nikajaza misumari mfukoni, nikapanda.

Mwiko wenyewe naujua, nililelewa nao. Mwanamke akipanda paa la nyumba yake anamwitia mumewe kifo. Shemeji akaanza kupaza sauti, sasa kwa Ekegusii, lugha yetu, ili majirani wasipitwe. Wakaja, wakasimama kwenye shamba la majani chai wakinitazama, wengine wameshika midomo.

"Shuka," alisema. "Unataka kumuua nani?"

Nilipiga msumari mpaka ukazama, kisha nikamjibu.

"Mwiko huo ni wa kumlinda mume. Wangu yuko pale chini ya migomba, na wewe mwenyewe ulimtupia udongo kaburini. Nikishuka atafufuka?"

Nilikuwa namlilia mume wangu juu ya paa, mbele za watu, na bado nilikuwa napigilia.

Nilifika bati la mwisho, ambalo fundi hakuwahi kulipandisha juu ya mbao pamoja na mengine. Lilikuwa refu, liko chini limeegemea ukuta, na kwa mgongo huu nisingeweza kulivuta juu peke yangu. Hapo mama mkwe, tunayeishi naye boma moja, akatoka jikoni kwake. Ni mtu wa kanisa na wa mila vilevile, nikajiandaa kulaaniwa. Shemeji akamkimbilia.

"Mama, mwambie ashuke."

Mama mkwe alimpita. Akaja hadi kwenye ngazi, akaitikisa kuona kama imekaa sawa, kisha akaishika kwa mikono miwili.

"Hata mimi wangu alishaenda," alisema. "Sisi wawili hatuna wa kumuua." Halafu akamgeukia mwanawe. "Magoti ndiyo yanauma, mikono haiumi. Mpe mke wa ndugu yako hilo bati."

Matone ya kwanza yalianza kugonga. Shemeji aliliinua bati juu ya kichwa chake, nami nikalipokea bila kusema asante.