Stapi Haitaki Jina la Ögmundur

Tarehe 20 Septemba 1963. Baridi kavu, upepo mwepesi wa kaskazini, theluji mpya vileleni, jua tangu saa nne asubuhi. Siku ya kutenganisha kondoo ikiamka hivyo watu husema ni bahati, na siku ile walisema wote, isipokuwa Bergljót wa Brekka. Yeye tangu alfajiri hakuwa amemwambia mtu neno zaidi ya "pisha."

Zizi letu la mawe ni la mviringo, na kila shamba lina chumba chake kuzunguka ukuta. Kondoo walioteremshwa kutoka nyanda za juu huingizwa katikati, kisha kila mtu hujitosa humo kutafuta walio wake. Bergljót alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye viganja vya mwanamume. Alikuwa akimkamata kondoo pembe, anapapasa sikio kwa kidole gumba kuisoma alama iliyokatwa, anambana kwa magoti na kumsukuma hadi chumba cha Brekka. Miaka ya nyuma kazi hiyo waliifanya wawili, yeye na mumewe. Mwaka huu watu walimsogelea wamsaidie, na kila aliyesogea aliondoka akijisugua mbavu.

Karibu na adhuhuri Sighvatur, mwenyekiti wa kata yetu, aliegemea ukuta wa Brekka akafungua pembe yake ya ugoro.

"Bergljót, dada yangu, pumzika kidogo. Nina habari njema."

"Sema tu, mimi nafanya kazi."

"Yule bwana wa miamba waliyetuletea watu wa ramani, Úlfar, yuko kwangu wiki nzima. Anasema Stapi yetu haiwezi kuandikwa Stapi tu. Nchi nzima imejaa Stapi. Kila mlima uliosimama peke yake na kukatwa kichwa, wazee waliuita Stapi wakaenda zao kulala. Sasa wanataka jina la kuitofautisha yetu." Alivuta ugoro kwa pua ya kushoto, kisha ya kulia. "Kamati imekaa. Itaitwa Stapi ya Ögmundur. Tunatangaza leo jioni ukumbini."

Bergljót alimwachia kondoo aliyemshika.

"Wazo la nani?"

"La Höskuldur. Tena alilitoa machozi yakimlengalenga."

"Mwambie Höskuldur machozi yake akawanyweshe farasi."

Akamkamata dume moja kubwa lililokuwa likipita, akalielekeza ukutani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Pembe ya ugoro ilianguka kwenye tope la samadi. Hakuomba radhi.

Höskuldur wa Hvammur ndiye aliyekuwa mfalme wetu wa mlima. Ndivyo tunavyomwita mtu anayechaguliwa kuongoza msako wa kondoo kila vuli. Neno lake huko juu halipingwi, hata na mwenyekiti. Na mlima wenyewe, Stapi, una njia moja tu ya kupandia, upande wa kusini, kwenye ufa wa lile genge jeusi la mwamba linaloizunguka kileleni. Mtu akitumwa juu kuwashusha kondoo waliopenda majani ya kule, ukungu ukaanguka, kuna kanuni ya tangu enzi za mababu: mmoja husimama penye mdomo wa njia akiita, na haachi kuita mpaka aliye juu ashuke aonekane kwa macho. Mstari wa wasakaji hausogei hata hatua. Kondoo wakipotea, na wapotee.

Mwaka uliopita aliyetumwa juu alikuwa Ögmundur, mume wa Bergljót. Aliyekuwa akiita ni Höskuldur mwenyewe. Bergljót alikuwa kwenye mstari, mbali kidogo upande wa mashariki, farasi wake akitetemeka kwa mvua, na alikuwa akiisikia ile sauti ndani ya ukungu: hooo, kimya, hooo, kimya. Kisha ikanyamaza moja kwa moja. Akafurahi. Alijua Ögmundur ameshuka.

Siku ya tatu mbwa walimkuta chini ya korongo la kaskazini, amefunikwa na mawe ya kahawia hadi kifuani. Alikuwa amekosa sauti ya kumwongoza, akatafuta njia ya kushukia kwa kupapasa ukingo. Höskuldur aliwaambia watu kwamba Ögmundur alikuwa mbishi, amejiendea mwenyewe upande wa kaskazini, na kwamba yeye aliita mpaka koo likakauka. Mazishini akasema mlima umemchukua. Bergljót alipomweleza Sighvatur alichosikia, na alichoacha kusikia, mwenyekiti alimshika bega akamwambia majonzi hukoroga masikio ya mtu. Tangu siku ile Bergljót hakulitamka tena jambo hilo. Alilitunza kifuani kama kaa la moto lililofukiwa majivu, na mwaka mzima lilikuwa halijazimika.

Jioni ukumbi ulijaa. Kulikuwa na supu ya kondoo, mikate bapa yenye nyama ya moshi, na kahawa ya kutosha kuogea. Mama mkwe wake, Salvör, alikaa benchi la mbele katika vazi jeusi la heshima, bizimu ya fedha kifuani, macho yakimng'aa. Alikuwa amelilia jina hilo kwa furaha mchana kutwa. Bergljót alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, na koti hakulivua.

Kwanza alisimama Úlfar, kijana mstaarabu mwenye miwani, akaazima sufuria na mfuniko jikoni.

"Ndugu zangu, nchi hii yote ilikuwa chini ya barafu, nene kuliko urefu wa Stapi yenyewe. Moto ukapasuka chini kabisa, ukayeyusha barafu iliyokuwa juu yake, likawa ziwa lililofungwa ndani ya kuta za barafu, kama ndani ya sufuria hii. Jiwe la moto likigusana na maji hulipuka vipande vipande, likawa majivu ya kioo. Majivu yakarundikana, yakashikana, yakawa huu mwamba wa kahawia mnaoujua. Siku mlima ulipochomoza juu ya maji, hayakuweza tena kuupasua moto. Lava ikatiririka polepole, ikatanda juu." Akaweka mfuniko. "Baadaye barafu ikayeyuka yote, sufuria ikaondoka, Stapi ikabaki imesimama."

"Kumbe ni keki iliyotolewa kwenye bati!" mtu alipaza sauti kutoka upande wa kahawa, na ukumbi ukacheka.

"Ndiyo, keki," Úlfar naye alicheka. "Ganda gumu juu, ubavu laini. Mfuniko wa lava unaweza kusimama juu yake ukacheza ngoma. Ila ule ubavu wa kahawia, mvua ikiunywesha, haubebi hata..."

Akajishtukia. Kicheko kilikuwa kimekatika. Hapakuwa na mtu mle asiyejua ni ubavu upi na ni mvua ya lini.

Sighvatur aliinuka haraka kuziba pengo. Alisema juu ya desturi yetu ya kuwakumbuka waliobaki milimani, juu ya moyo wa Höskuldur aliyeleta wazo, na juu ya ramani mpya itakayodumu kuliko sisi sote. "Kwa hiyo, kuanzia leo, Stapi ya Ögmundur!"

Watu walipiga makofi. Salvör alifuta macho.

"Sikubali," Bergljót alisema.

Hakupaza sauti, lakini makofi yalikufa benchi baada ya benchi kumfuata alivyokuwa akitembea kuja mbele.

"Bergljót, mwanangu, kaa chini," Salvör alinong'ona.

"Nimekaa mwaka mzima, mama. Mwenyekiti, mume wangu hakuuhitaji mlima. Alihitaji mtu wa kuita. Nyinyi mnaupaka mlima jina lake ili kila atakayeuliza aambiwe, aa, huyo ni Ögmundur, mlima ulimchukua. Mlima haukumchukua mtu. Mlima umekaa pale pale tangu barafu, huyu bwana kawaeleza sasa hivi kwa sufuria. Aliyeondoka ni mtu."

"Tafadhali, si mahali pake," Sighvatur alisema.

"Ni mahali pake hasa. Mnataka jina, nawapa jina. Iandikeni Stapi ya Höskuldur."

Mtu mmoja alicheka kwa mshtuko, akazibwa mdomo na mkewe. Höskuldur, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu zilizoanza kuwa nyeupe, alikuwa amekaa chini ya dirisha na kikombe mkononi.

"Unanidhalilisha mbele ya watu, Bergljót."

"Ulikuwa unaita ukaacha."

"Ulisikia upepo. Niliita hadi mwisho."

"Upepo nimezaliwa nao. Upepo haukohoi katikati kwa sababu ya ugoro. Nilikusikia wewe, na nilisikia uliponyamaza."

"Mlima haupewi jina la mtu aliye hai," Sighvatur alijitahidi. "Hakuna desturi hiyo."

"Basi na wasubiri. Atakufa tu, wala sisi hatuna haraka."

Höskuldur aliweka kikombe dirishani, akachukua kofia yake, akapita katikati ya mabenchi bila kumtazama mtu, akatoka. Mlango aliuacha wazi, baridi ikaingia. Úlfar alibaki ameshika sufuria, hajui pa kuirudisha.

Njiani kurudi, gari lao lilipovuka kijito cha mwisho, Salvör alimgeukia.

"Umeninyang'anya jina la mwanangu. Lilikuwa liandikwe. Mimi nikifa nani atamtaja? Hamkuzaa!"

Bergljót alisimamisha gari pale pale njiani, taa zikimulika mawe. Alimweleza yote: ile sauti, ukungu, ule ukimya, na ile furaha yake ya kipumbavu juu ya farasi. Alieleza kwa hasira, akipiga usukani kwa kiganja.

"Mbona hukuniambia?" Salvör aliuliza hatimaye.

"Nilimwambia mwenyekiti."

"Mwenyekiti! Mwenyekiti ni mwenyekiti. Mimi ndiye niliyemzaa." Alichomoa bizimu kifuani kana kwamba inamchoma, akaitia mfukoni. "Endesha."

Asubuhi yake Bergljót alimkuta mama mkwe wake tayari amevaa, amesimama mbele ya simu ukutani. Simu za kata yetu zimefungwa kwenye waya mmoja, kila shamba na mlio wake, na ikilia ya mwenzako unainua mkonga wa simu taratibu na kusikiliza. Hakuna anayejifanya hafanyi hivyo. Salvör alizungusha kishikio, mlio wa shamba la Nes. Ikasikika ile milio midogo ya mikonga kuinuliwa, mmoja mmoja, mashamba yakijiunga.

"Nes? Hapa Salvör wa Brekka. Habari za kuamka. Nilitaka kuuliza, huko kwenu mnaiona Stapi ya Höskuldur? Sisi huku wingu limeifunika."

Kisha bibi wa Nes, ambaye hata ukimlipa hawezi kufunga mdomo, akajibu, "Stapi ya Höskuldur tunaiona vizuri sana, mama. Ina theluji mpaka kiunoni."

"Huku kwetu Stapi ya Höskuldur ni nyeupe tupu," ilidakia sauti ya kiume kutoka shamba jingine, bila kuulizwa na mtu.

"Asanteni. Maana nina nia ya kuitaja kila siku," Salvör alisema. "Bado nina meno na ulimi."

Ndipo waya ukakwaruza.

"Mama Salvör. Mimi hapa, wa Hvammur."

Bergljót alikuwa amesogea karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mtu yule.

"Nilikuwa naita," Höskuldur alisema. "Kondoo wakavunja mstari kuelekea mtoni, kundi kubwa. Nikaacha kuita nikawafuata. Nilidhani nitarudi kabla hajashuka. Sikurudi. Nikasema amejiendea mwenyewe. Hakujiendea."

Salvör alimpa Bergljót simu, akatafuta kiti nyuma yake bila kugeuka.

"Sema tena," Bergljót alisema. "Waya una mikwaruzo."

"Bergljót..."

"Tena. Na zamu hii usimwambie mama tu. Waambie wote, wapo."

Akasema tena. Mara ya pili ilikuwa ndefu zaidi, na mwishoni aliongeza jambo ambalo mara ya kwanza alilimeza: kwamba alipokuwa akigeuza farasi, Ögmundur alikuwa akimwitikia kutoka juu. Alimsikia. Alikuwa si mbali.

Bergljót alishika ukuta kwa kiganja.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Sighvatur, yenye kikohozi cha kujisafisha koo. "Bergljót, dada. Sote tumesikia. Mimi nami nina la kukuomba radhi. Ila Bwana Úlfar yuko hapa na kalamu mkononi, gari lake linaondoka. Sasa tunaandikaje?"

"La mume wangu msiliandike."

"Sawa. Hilo limekwisha. Na hili la Höskuldur?"

"Muulizeni mwenyewe kama analitaka. Si yupo hapo."

Alirudisha simu mahali pake. Salvör alikuwa amekaa, analia kwa kinywa wazi kama mtoto, na Bergljót alimwekea shali mabegani, akalisogeza karibu naye birika la kahawa. Kisha akavaa aproni ya ngozi, akatoka nyuma ya ghala ambako vichwa vya kondoo waliochinjwa vilikuwa vimepangwa juu ya ubao vikisubiri kubabuliwa manyoya kabla ya kupikwa. Akawasha moto, akauvuvia hadi ukanguruma, akachoma chuma kwenye kichwa cha kwanza na kukishikilia ndani ya ndimi za moto, akigeuza, manyoya yakitoa moshi mzito na harufu kali iliyofika mpaka barabarani.

Simu ililia tena, mlio wa Brekka. Aliusikia. Akachukua kichwa cha pili.