Jumapili za Kutazama Nyumba za Watu

Jumapili iliyopita nilisimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, kule Kensington, nikaona vibao vitatu vimefungwa kwenye nguzo moja, kila kimoja na mshale wake: nyumba mpya zinauzwa, karibuni mtazame. Taa ikawa kijani nami bado nimeduwaa, mpaka dereva wa nyuma akanipigia honi. Nikafuata mshale. Sikuwa na nia ya kununua nyumba, rafiki yangu, wala uwezo huo sina. Nilifuata kwa mazoea ya utotoni tu.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka kumi, na matembezi yetu ya Jumapili yalikuwa hayo. Wenzetu walikwenda madukani. Sisi tulitoka kanisani na nguo zetu za ibada, bibi mbele, mama na mimi nyuma, tukifuata vibao. Jiji lilikuwa linaumuka kama unga uliotiwa hamira. Majumba ya zamani ya pale mlimani yalivunjwa moja baada ya jingine, na pale palipokaa familia moja na mbwa wake, pakaota nyumba kumi zilizoshikana, zote sura moja, geti moja. Baba alikuwa mlinzi kwenye geti mojawapo, kwa hiyo habari za nyumba mpya zilitufikia kabla rangi haijakauka. Kuingia ilikuwa bure, na mahali pengine walitoa juisi na biskuti.

Bibi hakufuata biskuti. Kule Uvira alikuwa amesimamia mwenyewe ujenzi wa nyumba yake ya matofali, kabla vita havijamtoa, na aliingia nyumba za watu kama fundi mkuu anayekagua kazi ya mwanafunzi. Alifungua bomba, akasubiri maji yapate moto. Alichungulia chini ya sinki. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatoa hukumu: ukuta huu una njaa. Yaani ndani ni mtupu. Kisha lilikuja swali lake kubwa, ambalo mimi ndiye niliyetakiwa kulitafsiri: sombe itatwangwa wapi? Ukitwanga majani ya muhogo huku ghorofa ya tatu, alisema, dari ya jirani wa chini itaanguka kwenye sahani yake. Nami kwa aibu nilimwambia dalali kwa Kiingereza kwamba bibi amelipenda sana jiko.

Sisi wenyewe tulikaa chumba kimoja katika nyumba ya zamani, zile zenye dari ya bati iliyofinyangwa maua na sakafu ya mbao inayolalamika ukiikanyaga. Mwenye nyumba aliigawa vyumba vinne. Chumba cha pili alikaa fundi cherehani kutoka Burundi, na mlio wa cherehani yake ndio uliotuamsha kwenda shule. Jiko lilikuwa moja kwa wote, kwa hiyo kila mtu alijua nani anapika dagaa na nani ameunguza maharagwe. Mama alisuka wateja barazani. Kazi yangu ilikuwa kufagia korido, na mwezi wa kumi hiyo ilikuwa kazi kweli, maana maua ya zambarau ya mjakaranda yaliingia hadi ndani na kunata kwenye soksi.

Ni mwezi huo tuliporudi kutoka kutazama nyumba za watu, tukakuta kibao kwenye geti letu.

Mwenye nyumba alikuwa amezeeka, akahamia kwa binti yake Cape Town, na hakutuambia neno. Dalali wake alikuwa amesimama barazani. Alieleza kwa upole kwamba Jumapili ijayo watu watakuja kutazama, tuondoe sufuria jikoni na kamba ya nguo uani, na ikiwezekana tusiwepo. Mama akaketi kitandani bila kuvua viatu. Baba aliporudi kutoka kazini alisema "eish" moja tu ya masikitiko. Bibi ndiye aliyekataa kuondoka.

"Mgeni hapokelewi na mlango," alisema. "Anapokelewa na mtu."

Jumapili hiyo hatukwenda kanisani. Bibi alikaanga mikate, akachemsha chai ya tangawizi, akavaa kitenge chake cha harusi za wengine. Watu walipoingia aliwatangulia chumba kwa chumba, nami ubavuni nikitafsiri. Aliwaambia kila kitu. Jua la majira ya baridi linakaa jikoni hadi saa kumi jioni. Mvua ya mawe ikinyesha, maji yanadondoka juu ya cherehani ya jirani. Dalali alitoa leso, akajifuta paji la uso.

Wa mwisho alikuja bwana mmoja mwenye viatu vya vumbi. Hakutazama dari wala maua yake. Alikwenda ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Bibi akagonga upande wa pili. Walizunguka nyumba nzima hivyo, wakitazamana kama watu wa ukoo mmoja waliopoteana. Mwishoni akaniambia nimweleze bibi ukweli: yeye ni mjenzi, na akiinunua nyumba hii ataivunja.

Nilikuwa nimezoea kulainisha maneno ya bibi kwenda kwa watu, lakini sikuwahi kulainisha ya watu kuja kwake. Nikamwambia neno hilo kama lilivyo.

Bibi akanigeukia. "Muulize lini."

Mwakani, alijibu, baada ya makaratasi.

"Mwambie mwakani huyu mtoto ana mitihani hadi mwezi wa kumi na mbili."

Yule bwana alinitazama, akatazama daftari zangu juu ya friji. "Gogo," alisema, yaani bibi kwa lugha ya kwao, "shule zikifungwa mwakani ndipo nitaanza."

"Basi anywe chai," alisema bibi.

Alikunywa vikombe viwili. Na ahadi aliitimiza. Tulikaa mwaka mzima, nikafaulu. Baba alipata kazi ya kulinda ujenzi wenyewe, fundi cherehani alibeba cherehani yake akaenda nayo Durban, na sisi tukapata vyumba viwili karibu na Newtown, kwenye ghala lililogeuzwa makazi. Nililala peke yangu kwa mara ya kwanza nikafurahi sana, kisha nikakosa usingizi kwa sababu sikusikia mtu akikohoa.

Leo pale palipokuwa na nyumba yetu ya zamani zimesimama nyumba kumi na mbili, nzuri, nisiseme uongo. Juzi mama alitoa picha za miaka ile. Ziko nyingi: mama ameegemea sinki linalong'aa, bibi amekaa kwenye kochi lenye bei bado, mimi nimeshika mpini wa oveni ya watu. Tulipekua zote. Ya nyumba yetu hatukuipata hata moja. Mama anasema mlango ulikuwa wa kijani. Baba anaapa ulikuwa wa kahawia. Bibi, ambaye sasa haoni vizuri, anatusikiliza tunavyobishana na kucheka, na hataki kutuambia.