Siku Niliyomtukana Mkwe wa Watu Magofuni

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama, maana Mama akisimulia huongeza chumvi na vitendo: ndiyo, ni mimi, Nyamizi yule yule wa kidato cha tatu ambaye mwalimu wa Kiswahili anasema hujibu maswali kwa kuviambia viatu vyake, ndiye niliyemwita mzee wa watu mla hongo, mbele ya ukoo mzima, siku ya posa, halafu nikaanguka. Na kuanguka ndiyo sehemu nafuu.

Chanzo ni Bibi. Bibi mzaa baba alikuja kututembelea Ipagala kwa treni kutoka Tabora, na mimi nimepewa jina lake, kwa hiyo haniiti mjukuu, ananiita mke mwenza, na kila akipata nafasi ananisuta kwamba nilitaka kumnyang'anya marehemu Babu. Safari hii alikuja na kibuyu cha unga wa mtama ambacho hakutaka mtu akiguse, hata Mama alipotaka kukisogeza apange vyombo aliambiwa akiache. Tukaelezwa kwamba babu yake Bibi alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwenda pwani, akaugua njiani akafia kwenye mji wa zamani wa misafara huko Mpwapwa, na tangu hapo hakuna hata mtu mmoja wa ukoo wetu aliyefika kummwagia unga na maji. Bibi alitaka afike yeye. Miguu ilikuwa imeanza kumgomea, macho nayo, na treni ya kumrudisha ilikuwa Jumapili. Baba akaazima pikapu ya jirani yetu anayelangua mahindi Kibaigwa (siku hizi kila mtu ni mfanyabiashara, hata mwalimu wetu wa hesabu anauza mitumba), ikakubalika twende Jumamosi, familia nzima, tukautazame huo mji.

Asubuhi tukinywa chai Baba akatupa maelekezo kama yupo kwenye kikao cha wizara. "Anayeyajua makaburi ya pale ni mzee mmoja wa Kigogo, Mzee Chibago. Amejenga ubavuni mwa magofu. Sasa huyo ni mtani wetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara, walipokuwa wakitutoza hongo ya nguo ndipo tupite kwao, kwa hiyo msimwendee na heshima nyingi, mtamkosea. Mtani huanzwa."

"Na nani atamwanza?" Mama akauliza. (Mama ni Mpare, haya mambo huyatazama kwa mbali kama mtu anayetazama mpira ambao timu yake haichezi.)

"Mimi, nani tena?"

Bibi akacheka. "Wewe mwanangu utaanza na 'kwa heshima na taadhima' kama barua ya kuomba likizo. Ataanza mke mwenza."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, ila Baba alicheka zaidi, mpaka chai ikampalia, akasema, "Huyu? Huyu akitaka chumvi mezani hunyoosha kidole!" Hapo ndipo nilipoamua. Ni uamuzi mdogo tu, wenzangu, nilijiambia leo nitaanza mimi, tena mapema kabla moyo haujageuka, na laiti ningeumeza pamoja na kipande changu cha muhogo nikanyamaza, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Baba akaendesha, Mama na Bibi wakakaa mbele, mimi nyuma peke yangu nimekumbatia kibuyu, na njia nzima nikawa nafanya mazoezi ya kutukana. Huko nyuma ya pikapu kuna upepo, hakuna anayekusikia, kwa hiyo nilipiga kelele nilivyotaka, nikawatukana ng'ombe, nikaitukana milima, nikamtukana mwendesha baiskeli mmoja mwenye mkaa ambaye naamini hakusikia, na tulipokaribia Mpwapwa maneno yalikuwa yamelainika mdomoni kama nimezaliwa nayo.

Sasa huo mji. Mama aliposhuka alitazama huku na huku akauliza, "Mji wenyewe uko wapi?" kwa sababu kilichobaki ni kuta za mawe na udongo zinazofika kiunoni, nyingine magotini, zimepangana mistari mirefu mpaka chini ya kilima, na kisima cha mawe kilichokauka, na mbuzi. Lakini ukisimama kidogo unaona kweli palikuwa na vichochoro na vyumba na milango, watu wengi walilala pale. Ubavuni ndipo palipokuwa na nyumba ya Mzee Chibago, na uwanjani watu wamejaa, wanawake wamevaa khanga mpya, sufuria jikoni, nikadhani labda ndivyo walivyo kila Jumamosi.

Baba alikuwa anamteremsha Bibi polepole, Mama anamshikia mkoba. Nikaona hii ndiyo nafasi. Mbele, kwenye kiti pekee chenye mgongo, ameketi mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, akaniona, akatabasamu akasema, "Karibu, binti." Mtu anayekukaribisha si ndiye mwenye nyumba? Nikasimama mbele yake na kibuyu changu, nikafumba macho (ndiyo, niliyafumba) nikapasua:

"Wala hongo nyie! Rudisheni nguo mlizomtoza babu yangu! Mmezivaa mpaka zimewachanikia mgongoni na bado mnakaa njiani kuomba!"

Nilivyofumbua macho niliona mwanamke mmoja ameshika mwiko hewani na uji unadondoka chini, na kijana mmoja aliyevaa suti akiwa amekaa mkekani amejishika kichwa. Yule mzee tabasamu lilikuwa bado lipo ila limepoteza mwenyewe.

"Binti," akasema taratibu, "mimi natoka Kondoa. Ni Mrangi. Nimekuja hapa kumposea mwanangu."

Nilirudi nyuma. Nilikuwa nimevaa vile viatu vya mtumba vyenye soli nene nilivyovichagua soko la Sabasaba kwa mbwembwe, kisigino kikanasa kwenye ukuta wa magofu, ukuta wa watu uliosimama miaka yote hiyo ukinisubiri mimi, nikaenda chali, miguu juu, na kibuyu kikapasuka kwenye jiwe. Unga wa Tabora ukaruka, ukanimwagikia usoni, ukamfikia mzee wa Kondoa kwenye viatu, na uliobaki ukachanganyika na samadi ya mbuzi. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mama akaita "Nyamizi!" kwa sauti ya kanisani, Mama anaimba kwaya. Bibi alipiga magoti kwa tabu, akatandika ncha ya khanga, akaanza kuuokota ule unga kiganja kwa kiganja akipuliza uchafu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko vicheko vyote.

Mlango ukafunguka. Akatoka mzee mrefu mwenye ndewe ndefu za masikio, amekunja uso. Kumbe huyu ndiye Mzee Chibago, alikuwa ndani na nduguze wakishauriana mahari ya binti yao. "Nani anamtukana mgeni wangu?"

Baba akajipanga. "Shikamoo mzee. Kwa niaba ya familia yangu, naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza..."

"Marahaba. Familia gani?"

"Sisi Wanyamwezi, mzee. Tumetoka..."

"Wanyamwezi?" Mzee Chibago akanigeukia, nimejaa unga kama andazi kabla ya kukaangwa. "Huyu ni Mnyamwezi? Basi ametukana kwa kukosea mlango! Matusi yalikuwa yangu, kampa mgeni!" Akanishika mkono, si kwa ubaya lakini hauchomoki, na kizee mmoja wa pale akamchomolea Baba ufunguo wa pikapu mfukoni kama mtu anayechuma pilipili. "Haondoki mtu. Mmekuja kutafuta nini?"

Bibi akasema bila kuinuka, "Babu yangu. Mpagazi. Alifia hapa, karibu na kisima."

Mzee akamtazama. "Namjua alipo," akasema. Halafu akaukunja uso tena. "Lakini samahani za karatasi mimi sitaki. Binti huyu ameniaibishia mgeni, ajikomboe kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi na yeye, hapa hapa. Akinishinda, nawapeleka kaburini. Akishindwa, mnapanda gari lenu mnarudi, mje mwakani."

Mwakani! Nilimtazama Bibi, na Bibi akanitazama, na wote wawili tulijua mwakani ni ya nani na si ya nani.

"Mzee, huyu mtoto haongei," Baba akasema, "niruhusu mimi..."

"Nilimsikia akiongea kutoka ndani ya nyumba! Mimi naanza." Akajigeuza kwa watu. "Tazameni vichwa vya Wanyamwezi! Bapa kama meza! Unaweza kuweka chungu juu yake na kisimwagike. Babu zao walibeba pembe mpaka pwani, miezi na miezi, wakarudi na nini? Na kikohozi!"

Uwanja ukalipuka. Yale maneno yangu ya kwenye pikapu yote yalikuwa yametumika, sikuwa na hata moja la akiba. Nikaviangalia viatu vyangu, nikasema kitu.

"Anasemaje? Anaongea na siafu?"

"Nimesema walirudi na chumvi."

"Sema tusikie!"

Nikamwona Bibi ameacha kuokota, amenielekezea sikio lake zima. Basi sijui nini kilifunguka, wenzangu, koo au kichwa hicho bapa, nikainua uso. "Nimesema walirudi na chumvi! Na mlipoiona mkawapigia magoti, mkaitia kwenye mlenda, ndiyo ikawa mara ya kwanza mlenda wenu kuwa na ladha!"

Wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele, Wagogo hao hao, wanamshangilia adui! Mzee Chibago akajifanya hajaguswa. "Sisi tupige magoti? Tuliwatoza! Mlipita uwanjani kwetu, mkanywa maji yetu, mkalala kwetu bure mkikoroma."

"Maji gani? Lile tope? Mbuzi wenu wenyewe hulichungulia kisha huondoka! Mkamlipisha babu yangu nguo, mkamnywesha tope, akafa, na mpaka leo mmemkalia hamtaki tumwone, mnataka hongo ya marehemu!" Nikamgeukia mzee wa Kondoa, sasa hata breki sina. "Na wewe baba yangu wa Kondoa, shikamoo, nisamehe sana, lakini fikiri vizuri kabla ya kuacha mwanao aoe hapa, maana akifa watamtoza na pango la kaburi!"

Nikadhani nimevuka mpaka. Kumbe Mzee Chibago alikuwa amekosa pumzi. Alijipiga paja, akainama, akakaa chini mavumbini mzima mzima akilia machozi, "Nimeuawa! Nimeuawa na mpagazi!" na mzee wa Kondoa akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akasema, "Chibago umesikia, kwa hatari hiyo mahari ipungue!" na kijana wa suti akaondoa mikono kichwani. Baba mdomo wazi.

"Leteni unga," mzee akasema alipopata sauti. "Mtama mpya, na maji safi. Leo Mgogo ndiye anayelipa hongo."

Walileta ungo mzima. Bibi akauchanganya na ule wake kiganja kimoja alioupata, akasema wa nyumbani lazima uwemo. Tukapita kwenye vichochoro vya ule mji, mzee mbele, Bibi ameegemea bega langu, wakaja na wageni wa posa, mpaka nyuma ya kisima palipo na lundo la mawe yaliyopangwa vizuri, na nyasi zimeng'olewa pande zote. Nikashangaa pamefyekwa.

"Mtani huzikwa na mtani," Mzee Chibago akasema, na hapo hakuwa anatania. "Wenzake walikuwa na safari, wakamwacha. Babu yangu ndiye aliyemchimbia. Akatuambia tupasafishe, watu wake watakuja. Mmechelewa kidogo."

Nilitaka ardhi inimeze pamoja na matusi yangu ya tope. Mtu amelifyekea kaburi la babu yangu maisha yake yote, na mimi nimemwambia wamemuua! Nikaanza kusema samahani, akaninyamazisha kwa kidole. "Ukiomba radhi utaharibu. Ulinishinda kihalali."

Bibi akamimina unga na maji juu ya mawe, taratibu, akizungumza Kinyamwezi kwa sauti ndogo kama anayemwamsha mtu aliyelala. (Mama alijifanya anaangalia milima, lakini mwishoni nilimsikia akisema amina.) Halafu Bibi akanivuta mbele. "Mke mwenza, mwambie umekuja. Masikio yake yamezeeka, usimnong'oneze."

Nikasema jina langu. Nikalisema kwa nguvu hadi mbuzi wakainua vichwa, nikataja na la Baba, na la Mama hata kama ni Mpare, na nikamwambia tumefika wote.

Tulikula posa ya watu mpaka jua likazama, na mzee wa Kondoa alinipa kiti chake. Kwa hiyo naapa, tena kwa maandishi: sitamtania mtu yeyote kabla sijamwamkia na kumuuliza kabila lake, macho nikiwa nimeyafumbua, na viatu nikiwa nimevivua. Kuhusu kunyamaza, hapana, hilo sikuapa.