Nilikisia Chumba cha Mama Mkwe

Kosa ni langu, wala simsingizii mtu. Nyumba ya mama mkwe wangu kule Bukima nimeiharibu mimi, kwa kompyuta yangu na kwa kujifanya najua.

Mimi ni mchora ramani za nyumba, naishi Nyakato, Musoma. Nilikuwa nimetoka kujifunza programu inayojenga nyumba nzima kwenye skrini, ukuta kwa ukuta, kabla hujagusa tofali. Jamani, nilivyoringa! Mama alipotaka kukarabati nyumba, nikamchorea aina tatu achague, na kazi nikaigawa awamu mbili ili aendelee kuishi humo humo. Akachagua ile yenye baraza linalotazama ziwa. Alifurahi hadi akajifuta machozi kwa kanga.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Ili kompyuta iseme kweli, lazima kwanza uipe nyumba ya zamani kama ilivyo. Nilipima sebule, nikapima stoo, nikapima hadi banda la kuku! Chumba cha kulala cha mama sikukipima. Mkwe kuingia chumbani kwa mama mkwe? Kwetu hilo halisemeki. Mke wangu alikuwa amesimama palepale, ningempa futi angemaliza kwa dakika tano. Nikaona haya hata kumwambia.

Nikakisia. Ukuta kati ya chumba na stoo nikauandika kuwa mwembamba, haujabeba kitu, uvunjwe awamu ya kwanza.

Mafundi wakauvunja. Paa la upande ule lote likashuka! Namshukuru Mungu mama alikuwa nje anaanika dagaa.

Kumbe mbao za paa zilikuwa zimeulalia ukuta huo huo. Kwangu nako mama hawezi kulala, heshima ya ukwe ni ile ile. Basi huu ni mwezi wa pili analala kwenye jiko la nje, na mvua zimeanza. Roho inaniuma, nyie!

Nilikwenda kuomba msamaha. Nikapiga magoti nje ya mlango wa jiko, yeye akiwa ndani anachochea moto.

"Mkwe wangu, kwenye kompyuta yako mimi nalala wapi?"

Akasukuma kuni ndani, akaendelea.

"Marehemu mume wangu alikuwaga anasema ukuta ule ndio umeshika paa. Nilipoona umeufuta, nikajua kompyuta imeona zaidi yake."

"Mama, niliona aibu kuingia kupima."

Akacheka, kile kicheko cha kumhurumia mtu. "Si ungeniambia tu! Ningetoa kitanda na nguo zangu nje asubuhi moja. Ndani ungekuta kuta nne, basi."

Nilitamani ardhi inimeze.

Wenzangu wenye kompyuta, nawaomba, msikisie nyumba ya mtu. Ulizeni mwenyewe, hata kama mnaona haya. Mimi ningeuliza swali moja tu, na mama angelala kitandani kwake leo.