Mwalimu Ndululu na Mpira wa Magongo

Ndululu wa kijiji cha Tulia alirudi kutoka vita vya Bama na koti la jeshi la Keya, kovu dogo shingoni, na uongo mmoja. Aliwaambia watu kwamba walipopiga kambi Bara Hindi alicheza mpira wa magongo na Wapunjabi, tena mstari wa mbele. Kweli ni kwamba aliwabebea wachezaji ndoo za maji. Lakini nani wa Tulia angevuka bahari kwenda kuuliza?

Uongo huo ulimpa kazi. Shule ya pale ilimweka awafundishe vijana mchezo, nao wakajichongea magongo wenyewe, maana Mkamba na kisu hawagombani. Kugonga mpira kwa nguvu na kukimbia nao, hayo Ndululu aliyafundisha kwa kupiga kelele tu. Pasi ndizo zilimtisha. Kumpelekea mwenzako mpira kwataka mkono unaojua kipimo, na wake haukuwahi kushika gongo uwanjani. Angeambiwa aonyeshe. Basi akatunga sheria yake: atoaye mpira ni mwoga.

Alikuwepo kijana mwembamba, Jonah, mtoto wa mjane Kalondu, aliyepasi bila kufundishwa na mtu. Akiinua macho tu, ameshamwona mwenzake aliye peke yake. Ndululu alimwita mbele ya wote.

"Mpira ni kama ng'ombe ya baba yako," alimwambia. "Wewe unapatia jirani ng'ombe?"

"Ndiyo, mwalimu," Jonah akajibu kwa adabu. "Baba alikuwa anaweka zingine kwa marafiki, ndiyo kiangazi isimalize zote."

Kila aliyekuwa pale alijua ndivyo Wakamba wafanyavyo. Ndululu alikuwa amejikwaa kwa mdomo wake mwenyewe, na badala ya kucheka, akamchapa viboko vitatu. Tangu siku hiyo Jonah hakupasi tena.

Mwaka wa hamsini na moja walipanda lori kwenda kucheza Mwingi. Vijana wa Mwingi hawakuwa na mbio za kutisha, ila mpira wao haukukaa kwa mtu. Faki kwa Shee, Shee kwa Faki, wana wa Waswahili wa pale mjini, na wa Tulia wakabaki kukimbiza vumbi. Hata hivyo, dakika za mwisho timu zikawa sare, bao moja kwa moja, na Jonah akajikuta karibu na goli. Kushoto kwake Muli, kapteni wao, alikuwa peke yake kabisa. Jonah akamtazama Muli. Kisha akamtazama mwalimu wake pale pembeni, akakumbatia mpira kwa gongo, akakimbia nao mpaka akanyang'anywa. Mwingi wakaenda kufunga la pili.

Ndani ya lori Muli hakumficha. "Ni wewe umetuuza! Hukuniona?" Wengine wakadakia. Jonah alimkodolea macho Ndululu akingoja neno moja tu. Ndululu alifunga vifungo vya koti, akatazama barabara. Hakugeuza kichwa mpaka walipofika.

Jonah hakuja shule kesho yake, wala keshokutwa. Siku ya tatu habari zikaja kwamba ameacha masomo, atachunga mbuzi. Usingizi ukamhama Ndululu. Siku ya nne akaenda kwao.

Kalondu alimpokea kwa heshima iliyomuumiza, akamwekea kigoda, akaleta kuku jike amefungwa miguu.

"Mwalimu, utusamehe," alisema. "Kijana yangu amewaletea aibu. Nimemchapa. Hii kuku ni asante, kwa vile ulimvumilia."

Kuku akawekwa mapajani pake. Ndululu aliona heri ardhi immeze.

"Mama Jonah, mtoto hana makosa. Mimi nilimkataza kupasi. Na mimi sikucheza India. Nilikuwa nabeba maji."

Jonah, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya ghala la mtama, akatoka polepole.

"Wale ulikuwa unabebea maji," aliuliza, "walikuwa wanapasiana?"

Angeweza kusema hakumbuki. "Walikuwa wanapasiana," akasema. "Kila siku. Miaka miwili nilikuwa nawaona."

"Ulikuwa unajua, na ukanichapa?"

Kalondu aliinama, akamwondoa kuku mapajani pa Ndululu, akamfungua miguu, akamwachilia aende zake.