Mheshimiwa Feki Akutana na Mwenzake

Mama Vifungo alifika mlangoni kwa bintiye akitokea kwenye mkutano wa kanda, akatema mate pembeni kabla hajavua viatu. Hakuwa mgonjwa. Kuna kichefuchefu cha chakula na kuna kichefuchefu cha watu, na siku hiyo alikuwa na hicho cha pili.

Ni fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na jina hilo alipewa kwa sababu kila ukimkuta ana kifungo mdomoni. Muda unaobaki anautoa bure kwa watetezi wa sera za tabianchi. Usidhani anapenda mikutano, hata! Bintiye, aliyejifungua juzijuzi, amepanga chumba bondeni, na wenye pesa zao wanalijaza bonde hilo kifusi wapate kujenga. Maji ya mvua yakikosa pa kupita yanaingia chumbani kwa mzazi. Bungeni ulikuwepo muswada wa kupiga marufuku ujazaji huo, na mbunge wao, ambaye hakuna aliyejua atapigaje kura, alikubali kupita mkutanoni. Mama Vifungo alitaka kitu kimoja tu: mtu huyo aulizwe mbele za watu, ataunga mkono, ndiyo au hapana.

Sasa, watetezi hawa wana mtindo wao. Kabla ya kumkabili mkubwa wanafanya mazoezi: mmoja anajifanya mheshimiwa, wenzake wanambana. Na kanda nzima hakuna aliyemfikia shemeji yake Mama Vifungo, mwalimu mstaafu, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Mzee huyo akikalia kiti cha mheshimiwa, lo! Anapiga miayo, anachungulia simu, anajipapasa kitambi, halafu anakuambia kwa upole wa kuudhi, "Ndugu zangu, jambo hili liko kwenye mchakato." Watu hoi kwa kicheko. Amecheza hivyo miaka nenda rudi, mpaka wakambandika jina la Mheshimiwa Feki.

Asubuhi hiyo, katika ukumbi wenye zulia linalonuka unyevu na feni inayolia kama imefinywa, wakachagua msemaji. Mmoja tu, wengine kimya. Ndiyo kanuni yao, mgeni asipate mwanya wa kukwepa. Aliyenyoosha mkono kwanza ni Mama Vifungo mwenyewe.

"Aseme shemeji," alisema. "Hila zao zote anazijua."

Wakapiga makofi.

Mbunge aliingia kwa kuchelewa, akaenda kuketi kwenye kiti kilekile cha mazoezi. Shemeji akasimama mbele yake, koti limenyooshwa pasi. Alianza vizuri, haki yake tumpe. Akataja bonde, akataja mafuriko. Mbunge akapiga mwayo, akachungulia simu. Hapo ndipo mzee alipopotea. Alimwangalia yule mtu akifanya vituko vilevile vya mazoezini, akatabasamu kama aliyekutana na ndugu wa siku nyingi.

"Ila, mheshimiwa, tunaelewa," akasema, na sauti ilikuwa ile ya kwenye kiti. "Bajeti ni finyu. Wadau ni wengi. Jambo hili liko kwenye mchakato."

Mama Vifungo alidhani ni mzaha, akangoja mzee ageuze kibao. Wapi! Akaongeza kamati, akaongeza utafiti, akamalizia na subira. Mbunge akarudisha simu mfukoni.

"Enhee! Mzee wangu, umenitolea maneno mdomoni."

"Ndiyo au hapana?" Mama Vifungo alikuwa ameshasimama, anafoka. Mratibu wa mkutano akamvuta gauni.

"Mama, tulikubaliana msemaji mmoja. Utatuaibisha."

Aibu! Aibu gani tena iliyokuwa imebaki pale? Mbunge alikuwa mlangoni, ameshikana mkono na shemeji, wanapigwa picha.

Nje, mzee alikuwa anang'aa kwa furaha. "Shemeji, umeona tulivyoelewana? Hajanipinga hata neno moja!"

Mama Vifungo alimkazia macho, akaona hatanii. Angekuwa mnafiki ingekuwa afadhali, mnafiki unamtukana ukalala usingizi wako. Huyu aliamini kwa moyo wake wote kwamba amemweza mbunge. Na ni mkubwa wa mumewe, utamwambia nini? Matusi aliyoyameza pale ndiyo aliyoyatema mlangoni.

Ndani, kichanga kilikuwa kimelala katikati ya kitanda, na kitanda kimeinuliwa kwa matofali. Alama ya maji ya mvua iliyopita bado ilikuwa ukutani.

"Mbunge kasemaje, mama?"

"Hakusema."

"Hakuulizwa?"

"Aliulizwa. Baba yako mkubwa akamjibia."

Binti akatoka. Alirudi na tofali kila mkono.

"Shika huko miguuni," akasema. "Inua polepole, asiamke."