Chai Baridi ya Odeta

Mwanza ya miaka ile ya ruksa, aliyekula raha kamili alikuwa sangara. Akitolewa ziwani anapokelewa na watu wenye makoti meupe, anaoshwa, anavuliwa mifupa asije akajichoma nayo, analazwa kwenye barafu, kisha anapanda ndege kwenda Ulaya bila kuulizwa viza. Sisi wapiga kura tulibakiziwa mapanki, yaani kichwa na uti wa mgongo wa marehemu. Tukayakaanga, tukashukuru soko huria.

Masalu ndiye aliyekuwa akimtandikia sangara kitanda. Kazi yake katika kiwanda kimoja cha minofu ilikuwa kuchota barafu kwa koleo na kuimwaga kwenye makreti kutwa nzima, amevaa mabuti ya mpira na sweta la mtumba lenye picha ya Mzungu anayeteleza kwenye theluji. Msukuma wa Magu, mrefu kama mlango wa kanisa, na mpole kiasi kwamba hata mbuzi wa jirani walimdharau. Jioni alirudi Mkuyuni kwenye chumba kimoja cha kupanga, na humo alikuwa amelala mkewe, Odeta.

Odeta alikuwa Mhaya wa Kamachumu, fundi cherehani, mdomo mkali kuliko mkasi wake. Sasa mdomo huo ulikuwa umejaa vidonda mpaka kooni. Alikuwa amekanyaga waya, kama tulivyosema siku zile, utadhani tukiutaja ugonjwa kwa jina lake utageuka na kuuliza nani ameniita. Uji ulimliza. Maji matupu aliyatapika. Kitu kimoja tu kilishuka bila ugomvi: chai ya rangi, sukari ya wastani, baridi ya kung'ata meno.

Siku ya kwanza Masalu, kwa furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani ana kitu tele, alitumbukiza bonge la barafu ya kiwandani kikombeni. Nesi Teodora wa zahanati, aliyekuwa amepita kumwona mgonjwa, alikipokonya kikombe akakimwaga uani.

"Unataka kumuua?"

"Imeganda, nesi. Vijidudu si vimekufa kwa baridi?"

"Vimejifunika blanketi tu, baba. Wewe ukilala unakuwa maiti? Hiyo barafu ni maji ya bomba yaliyolala. Yakiamka tumboni mwa huyu ni kuhara, na kuhara kwa huyu ni jeneza. Maji mabichi yasiguse chai yake. Hata tone."

Basi Masalu akawa mtu wa tone. Alichemsha maji mpaka yacheze, akatia majani, akachuja. Chupa ya pombe kali yenye kifuniko cha kuzungusha, urithi wa mpangaji aliyehama, aliichemsha nayo pamoja na kikombe. Chai ikipoa chini ya sahani anaimimina chupani, anakaza kifuniko, anaizika chupa mpaka shingoni kwenye ndoo ya barafu iliyomwagika kiwandani, ile ambayo hata sangara angeikataa. Barafu ilikaa nje kama mkwe, haikuruhusiwa kuingia. Chai iliyolala mpaka asubuhi aliimwaga, na Mama Precious, mwenye nyumba, akaililia sukari kama amefiwa.

"Msukuma," Odeta alimwambia akishika kikombe kwa mikono miwili, "chai inanuka samaki."

"Ninayenuka ni mimi, si chai."

"Basi sogea huko, ninywe."

Akanywa. Masalu akamtazama koo likipanda na kushuka kama mtu anayetazama mpira wa fainali. Hakuwa anadanganyika. Alijua ugonjwa hauna dawa, na alijua katika foleni ile ile yeye mwenyewe amesimama wapi. Alichotaka ni kimoja: kiu isimuue kabla ya ugonjwa.

Ndipo mama mkwe akashuka melini.

Ma Kokugonza alifika kutoka Kamachumu na mkungu wa ndizi, rozari, na mwanawe Muganyizi wa kumbebea vyote viwili. Masalu alipiga goti nje ya mlango, uso ameugeuzia chooni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," likajibu pazia.

Kwa Masalu, mama mkwe si mtu wa kutazamwa. Hukai naye chumba kimoja, huli naye, humbishii, na mkikutana njiani unaingia majanini. Mila hii ilitungwa na watu wenye uwanja mpana wa ng'ombe. Hawakuwahi kupanga chumba Mkuyuni. Mama akaingia, mume akatoka. Vyombo vyake Masalu akavihamishia barazani, na maneno yake yote yakapitia kwa Muganyizi, ambaye alisimama katikati ya pazia kama spika wa bunge.

"Mwambie huyo," sauti ya ndani ikasema, "mgonjwa hapewi baridi. Baridi inaingia kifuani. Mwanangu si samaki!"

"Shemeji, mama anasema..."

"Nimesikia."

"Hukusikia. Huruhusiwi kusikia. Mama anasema mgonjwa hapewi baridi."

"Mwambie mama, ya moto inamchoma vidonda."

"Mwambie, mimi nimezaa tisa, yeye amezaa nini?"

Muganyizi akakohoa, hiyo hakuitafsiri. Masalu na Odeta hawakuwa na mtoto.

Chai ikawa ya moto, ya tangawizi na pilipili manga, mapenzi ya mama yaliyochemshwa bila huruma. Odeta alikunywa kwa heshima, machozi yakimtiririka, mpaka heshima ikaisha akafumba mdomo. Midomo ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Barazani ndoo ya barafu ilikuwepo, chupa imo ndani, na kati yake na kiu kulikuwa na kitambaa cha kitenge tu. Masalu aliandaa chupa mpya kila siku, na kila siku aliimwaga ikiwa nzima.

"Masalu," Odeta akaita mchana mmoja. Sauti yenyewe ilikuwa kama karatasi inayochanika. "Masalu, niletee."

Mwanaume akasimama. Mama Precious aliyekuwa akichambua mchele aliacha mkono hewani. Masalu akaipangusa chupa kwa sweta lake, akaimimina chai kikombeni, akafunga macho, ndiyo, alifunga macho, akaingia kwa kupapasa ukuta. Ndani Ma Kokugonza alijitupia khanga usoni akalia, "Yesu na Maria!" Masalu akapapasa mpaka akaupata mkono wa mkewe, akampa kikombe.

Odeta akanywa. Akashusha pumzi. Akaomba kingine.

Chini ya khanga, mama alikuwa ameacha upenyo wa jicho moja. Aliona.

Kukaa tena hakukuwezekana, aibu ilikuwa imejaa chumba kizima. Ikaamuliwa Odeta arudishwe nyumbani, akauguzwe penye nafasi. Bandarini walimlaza kwenye mkeka, na Masalu, mgongo ameupa familia na uso ameupa ziwa, akatoa mafunzo kwa sauti ya juu. Abiria wakadhani ni mlokole anahubiri.

"Mwambie mama achemshe mpaka yacheze! Na chupa, na kikombe! Apooze akiwa amefunika! Iliyolala amwage!"

"Mama anauliza," Muganyizi akasema, "Kamachumu barafu ataitoa wapi?"

Masalu akafikiri. "Mna kisima?"

"Kiko chini ya mwamba. Maji yake yanauma meno."

"Basi aizamishe chupa humo, kifuniko amekikaza. Lakini maji mabichi yasiguse chai. Hata tone."

"Mama anasema ameelewa. Hata tone."

Odeta akamwita mumewe ageuke. Hakuweza kugeuka, mama alikuwa pale pale. Kwa hiyo alinyoosha mkono nyuma ya mgongo, ukaning'inia, mpaka Odeta akakishika kidole kimoja. Meli ikapiga honi, akakiachia.

Simu ya maandishi ilimkuta kiwandani akiwa na koleo. Alipofika Kamachumu walikuwa wameshazika, kaburi lina maua ya migombani na udongo mbichi. Muganyizi akamketisha nje na waombolezaji wengine, akamwambia yote. Odeta alikuwa na nafuu mwanzoni, alikunywa vizuri, hata alimtukana fundi cherehani wa kijiji. Kisha ghafla akaanza kuhara. Hatukuwahi, shemeji.

Masalu akatikisa kichwa.

Ndipo ile sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya mlango ulioegeshwa.

"Mwambie mkwe wangu nilimpa ile ya baridi." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mkwe wangu. "Nilichemsha mpaka ikacheza. Chupa nilizamisha kisimani kwa kamba, asubuhi na jioni. Majirani walinicheka. Mwambie maji mabichi sikumpa hata tone, yale ya bomba na ya ziwani, hayo ya kwenu, hapana. Siku moja tu alilia kiu na chupa bado ina joto, nikaizimua kidogo kwa maji ya kisima chetu. Hayo si mabichi, hayo alikunywa bibi yake. Akamaliza kikombe kizima! Akaniambia, mama, hii tamu kuliko ya Masalu."

Muganyizi akafungua mdomo arudie, akaufunga. Neno lilikuwa limefika lenyewe.

Masalu akaukodolea macho udongo uliokuwa katikati ya mabuti yake. Kaa lilipasuka motoni. Mzee mmoja akasogeza kigoda. Watu wote walikuwa wanasubiri mkwe ajibu, maana mkwe asiyejibu ametukana.

"Mwambie mama," akasema, "nashukuru. Mwambie mimi sikuwahi kuiweza vizuri namna hiyo."

Nyuma ya mlango yule mama, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu mazishi, akaangua kilio. Kilikuwa kilio kirefu, cha mtu aliyetuliwa mzigo.